Fleury: Kijiji Chenye Meya Bila Mkazi Hata Mmoja

(Mhadhara kwa walimu wa jiografia na historia, Morogoro)

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, na nyie vijana mliojibanza pale mlangoni, habari za jioni. Mwenyekiti aliniomba nichague kijiji kimoja cha Ulaya, nikieleze tangu udongo wake hadi historia yake, tuone masomo yetu mawili yanavyokutana. Nadhani alitegemea nitaleta kijiji chenye kanisa zuri na jibini. Nimewaletea kijiji kisichokuwepo.

Kinaitwa Fleury-devant-Douaumont, maana yake Fleury iliyo mbele ya Douaumont. Ufaransa ina akina Fleury wengi, ndiyo maana wanatofautishwa kwa majirani zao. Hiki kiko mashariki ya nchi, katika mkoa wa Meuse, kilomita sita hivi kutoka mji wa Verdun. Ukifungua majedwali ya sensa ya Ufaransa utakikuta kimeandikwa kama vijiji vingine, kwa jina lake na mipaka yake. Ukifika kwenye safu ya wakazi unakuta sifuri. Wala si kosa la uchapaji. Sensa inayofuata itaandika sifuri tena. Na bado kijiji hicho kina meya.

Naona mzee wangu anatikisa kichwa. Subiri kidogo mzee, huyo meya tutamfikia. Kwanza niruhusuni nichore ubaoni.

Sehemu kubwa ya kaskazini ya Ufaransa imekaa kama mabakuli yaliyopandanishwa, Paris ikiwa katikati ya bakuli la juu. Kila bakuli ni tabaka la mwamba, na kingo za mabakuli ndizo zinazochomoza juu ya ardhi kama migongo mirefu ya vilima. Ukitoka Paris kwenda mashariki unapanda kila mgongo polepole bila kuuhisi, halafu unashuka ghafla upande wa pili. Mmoja wa migongo hiyo wanauita Côtes de Meuse. Ni wa mawe ya chokaa. Magharibi mwake unapita Mto Meuse, unaotiririka kwenda kaskazini hadi Ubelgiji na Uholanzi, na Verdun imekaa mtoni hapo. Mashariki mwake ardhi inaanguka hadi uwanda wa Woëvre, ambao ni mfinyanzi mtupu uliojaa mabwawa. Mvua ikinyesha, matope ya pale humshika mtu hadi magotini.

Fleury kilikaa juu ya mgongo huo, kati ya vilima. Kaskazini yake ni kilima cha Douaumont, karibu mita 390 juu ya usawa wa bahari. Kusini yake ni kilima cha Souville, chenye kimo karibu kilekile. Sisi wenye Uluguru dirishani tunaweza kucheka tukisikia mita 390 ikiitwa kilima. Lakini simameni Souville: mji wa Verdun wote uko chini yenu, na madaraja yake juu ya mto. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililokimaliza kijiji.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kilikuwa na wakazi 422. Walikuwa wakulima wa nafaka na wakata miti, watu wa shamba na msitu. Vijiji vya Lorraine, eneo ambamo Fleury kimo, vina umbo lake: nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta kando ya barabara moja, na kati ya mlango na barabara kuna ukanda mpana ambapo kila familia inarundika kuni zake, mkokoteni wake na samadi yake. Ukubwa wa rundo la samadi ulisema mengi kuhusu hali ya mwenye nyumba. (Wagogo na Wasukuma mliomo humu hamhitaji maelezo zaidi.) Palikuwa na kanisa, shule, mwokaji mikate, pahali pa kufulia nguo, na kituo cha reli ndogo. Jina lenyewe ni la kale. Wataalamu wa majina huyarudisha majina ya namna hii kwa mtu wa enzi za Warumi aliyeitwa Florus, aliyemiliki shamba. Shamba la Florus! Ajuaye Kifaransa akisikia Fleury hufikiria maua, na kwa karne nyingi hapakuwa na sababu ya kumkatalia.

Basi mambo yakaanza kuharibika mbali na kijiji, kwenye meza ya mkataba. Mwaka 1871 Ufaransa, baada ya kushindwa na Prussia, ilikubali kuwapa Wajerumani Alsace na sehemu ya Lorraine. Mpaka ukahama. Verdun, uliokuwa mji wa ndani, ukajikuta uko chini ya kilomita 50 kutoka Ujerumani. Jenerali Séré de Rivières akapewa kazi ya kujenga ukuta mpya wa ngome, na kuzunguka Verdun kila kilima kikavishwa saruji na chuma. Souville ikapata ngome katika miaka ya 1870. Mwaka 1885 ikaanza kujengwa ile kubwa kuliko zote, Douaumont.

Tazameni sasa ubao. Kijiji cha wakata kuni kimebaki palepale, hakijasogea hata hatua moja, ila kushoto na kulia kwake yamekaa mazimwi mawili. Wanafunzi huniuliza vita vinaanza lini. Kwa Fleury mimi ningesema vilianza siku fundi wa jeshi alipopanda Souville na darubini.

Jambo la ajabu ni kwamba vita vilipokuja, ngome zenyewe zilikuwa karibu tupu. Agosti 1915 makao makuu ya jeshi la Ufaransa yaliamua ngome hazifai tena, yakang'oa mizinga mingi na kupeleka askari kwingine. Kwa hiyo asubuhi ya 21 Februari 1916, mizinga ya Wajerumani ilipofumuka, mgongo ule haukuwa na ulinzi ambao wakazi walikuwa wameuona kwa miaka 30 wakidhani upo. Watu wa Fleury waliamriwa waondoke. Ilikuwa baridi ya Februari, wakashuka kuelekea mtoni na walichoweza kubeba. Siku nne baadaye, tarehe 25, ngome ya Douaumont ilichukuliwa na kikundi kidogo cha askari wa Kijerumani kutoka Brandenburg, kwa kuwa ndani yake walikuwemo walinzi wasiozidi 60 hivi. Tarehe 7 Juni ikaanguka ngome ya Vaux. Ikabaki Souville, na mbele ya Souville ni Fleury.

Usiku wa 22 Juni Wajerumani walifyatua makombora ya gesi ya fosijini zaidi ya 100,000. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujaa mabondeni kama ukungu. Mwalimu yeyote wa jiografia anaelewa maana yake mahali penye migongo na mabonde: aliyejificha chini asipigwe na vyuma alikuwa amejipeleka mwenyewe kwenye sumu. Asubuhi ya tarehe 23 askari wa Kijerumani kutoka Bavaria wakaingia Fleury. Souville hawakuifikia siku hiyo. Walijaribu tena Julai, na wachache wao walifika juu ya ngome, wakauona mji chini yao, wakarudishwa. Hapo ndipo walipoishia.

Katikati ya hayo yote, tangu Juni hadi Agosti, kijiji kilichukuliwa na kupotezwa mara 16. Sitawasimulia zote, zinafanana. Kinachonishangaza mimi ni kitu kingine: baada ya majuma machache hapakuwa tena na kijiji cha kuchukua. Makombora yalikuwa yamesaga nyumba, kisha yakasaga vifusi vya nyumba, kisha yakachanganya vumbi la mawe na udongo mpaka mtu hawezi kuonyesha barabara ilipopita. Wanajeshi wa pande zote mbili walikuwa wanafia jina lililoandikwa kwenye ramani.

Tarehe 17 na 18 Agosti 1916 Wafaransa wakakichukua kwa mara ya mwisho. Kikosi kilichofanya kazi hiyo kiliitwa cha askari wa miguu wa kikoloni wa Morocco. Jina lisiwadanganye, wengi wao walikuwa Wafaransa wa Ufaransa. Lakini miezi miwili baadaye, 24 Oktoba, kikosi hichohicho kilipopanda kuirudisha ngome ya Douaumont, kiliongezewa batalioni ya 43 ya Wasenegali na kampuni mbili za Wasomali. Wasomali hao waliandikishwa katika koloni la Ufaransa ambalo leo ni Djibouti. Naomba mkae na hilo kidogo: watu wa pwani ya Afrika Mashariki, waliokulia kwenye joto la Bahari ya Shamu, wakikimbia katika ukungu na matope ya Oktoba juu ya mgongo wa chokaa huko Lorraine. Kampuni hizo mbili zimetajwa kwa jina katika tuzo rasmi ya kikosi hicho kwa siku ile.

Na sisi? Fleury kilirudi mikononi mwa Wafaransa 18 Agosti. Siku nane baadaye, tarehe 26 Agosti 1916, majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia hapahapa Morogoro, na tarehe 4 Septemba Dar es Salaam ikasalimu amri. Vita ni vilevile. Tofauti ni kwamba huku mzigo ulibebwa kichwani, na waliobeba walikuwa jeshi la wapagazi ambalo jina lake la Kiingereza, Carrier Corps, tumeligeuza kuwa Kariakoo. Tunanunua nyanya pale kila siku.

Turudi Fleury, mzee asije akaniuliza tena meya yuko wapi.

Vita vilipokwisha, serikali ya Ufaransa ilituma watu wapime uharibifu. Ardhi iliyoumia iligawanywa kwa rangi kwenye ramani, na ile iliyoumia kuliko zote ikapakwa nyekundu. Ndani ya eneo jekundu kulima tena kulionekana haiwezekani: udongo umejaa makombora ambayo hayajalipuka, sumu, vyuma na maiti. Sheria ya fidia ya 17 Aprili 1919 iliiwezesha serikali kununua ardhi kama hiyo. Wenyeji wakalipwa, wakaanza maisha kwingine. Karibu na Verdun vijiji tisa viliangamia. Baadhi vilirudisha watu wachache pembeni mwa pale vilipokuwa. Sita havikurudisha mtu yeyote, na Fleury ni kimojawapo.

Serikali ingeweza kuvifuta kwenye daftari na kuigawa ardhi yao kwa majirani. Ndivyo ambavyo mhasibu yeyote angeshauri. Badala yake vilitangazwa kuwa vijiji vilivyokufa kwa ajili ya Ufaransa, maneno yaleyale yanayoandikwa kwenye cheti cha askari, na mwezi Oktoba 1919 sheria ikavipa kila kimoja tume yake. Kwa kuwa hakuna wapiga kura, mwenyekiti wa tume na wenzake wawili huteuliwa na mwakilishi wa serikali kuu katika Meuse. Huyo mwenyekiti ndiye watu wanayemwita meya. Anatunza njia, mnara wa kumbukumbu na kanisa dogo lililojengwa katika miaka ya 1930, na anaandaa ibada ya kila mwaka.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu sisi tumezoea kinyume chake. Kwa sheria ya Tanzania kijiji ni watu: mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote waliofikisha miaka 18, na hapo ndipo mamlaka yanapoanzia. Pasipo watu hakuna mkutano, na pasipo mkutano sijui mtendaji angemwandikia nani muhtasari. Kule wamekubali kwamba mahali panaweza kubaki kijiji kwa sababu tu ya yaliyopatokea. Zamani nilidhani ni ushabiki wa Wafaransa na makaratasi yao. Sasa nadhani waliona kwamba wale 422 na wazao wao walistahili kuwa na mahali pa kutaja wanapoulizwa kwao ni wapi.

Nilifika pale siku moja ya mvua. Nilitegemea magofu, kuta mbili tatu zilizosimama. Hakuna kitu. Kuna msitu, na sakafu ya msitu imejaa mashimo, moja linagusa jingine, yote yameota nyasi na kuvu, kama bahari iliyokuwa na mawimbi ikaganda. Katikati ya mashimo kuna njia zilizofyekwa, na kando ya njia vimesimikwa vibao: hapa alikaa mwokaji, hapa mkulima, hapa palikuwa pahali pa kufulia. Unasimama mbele ya kibao cha mwokaji, unatazama, unaona shimo. Nilikuwa nimebeba mkate kwenye mfuko. Ulibaki mfukoni mpaka niliporudi Verdun.

Miti ile ilipandwa. Idara ya misitu ilichagua zaidi misonobari myeusi ya Austria, kwa sababu inavumilia udongo mbaya wa chokaa ambao miti mingi ingeukataa. Leo msitu wa Verdun una ukubwa wa takriban hekta 10,000. Nawasihi wanajiografia tusiuite msitu wa asili tukidanganywa na kijani kibichi. Upo pale kwa sababu jembe lilikatazwa.

Ardhi yenyewe ndiyo iliyonivuta zaidi. Mwaka 2006 wanajiografia wawili wa Marekani, Joseph Hupy na Randall Schaetzl, walitoa jina jipya, bombturbation, kwa yaliyoupata udongo huu. Tumezoea kufundisha kwamba udongo huchanganywa na mizizi, minyoo, mchwa na fuko. Wao wakasema tuongeze mabomu. Kombora linapasua mwamba, linatupa vipande vya chokaa juu ya udongo mweusi, na linaacha shimo ambalo majani na maji hukusanyika. Ndani ya shimo unyevu ni mwingi na minyoo inaongezeka, hivyo udongo mpya hutengenezwa upesi. Kwenye ukingo wa shimo, hatua mbili tu pembeni, ni pakavu na udongo ni haba. Mteremko uliokuwa mmoja, wenye hali ya hewa moja, sasa una maelfu ya vijimahali vyenye unyevu tofauti. Katika mashimo yanayotuama maji anaishi chura mdogo mwenye tumbo la njano, ambaye sehemu nyingi za Ulaya amekuwa adimu kwa sababu mabwawa yamefukiwa. Mizinga ilimchimbia mabwawa.

Na ardhi haijamaliza kutoa vilivyomo. Jumba la makumbusho la Verdun, lililofunguliwa mwaka 1967 kwa juhudi za mwandishi Maurice Genevoix, aliyejeruhiwa vitani mwaka 1915, limejengwa pale kilipokuwa kituo cha reli cha Fleury. Mwaka 2013, wakati wa kazi za kulipanua, ilikutwa mifupa ya askari 26 wa Kifaransa. Baadhi yao walitambuliwa kwa vibati vyao vya majina, baada ya miaka 97. Wasiotambuliwa wa vita vile wamo kwenye jengo la mifupa la Douaumont, lililozinduliwa mwaka 1932, umbali ambao unakwenda kwa miguu. Ndani yake kuna mabaki ya askari wapatao 130,000 wa pande zote mbili, na huwezi kusema huu mfupa ni wa Mfaransa na huu wa Mjerumani. Mwezi Septemba 1984 Rais Mitterrand wa Ufaransa na Kansela Kohl wa Ujerumani Magharibi walisimama hapo mbele wakashikana mikono. Picha hiyo mmeiona vitabuni.

Nilikuwa nimepanga kumalizia na ramani, ila naona mikono imeinuliwa.

Dada ameuliza kama mtu anaweza kuhamia Fleury leo akaanzisha upya maisha. Jibu fupi ni hapana. Ardhi ni msitu wa serikali, kuchimba kumekatazwa, na wategua mabomu wanaendelea kuitwa hadi leo katika misitu ile. Lakini swali lake linagusa kitu. Majirani wawili, Douaumont na Vaux, ambavyo vilibaki na watu wachache, viliungana tarehe 1 Januari 2019 vikawa kijiji kimoja, Douaumont-Vaux, kwa sababu walikuwa wamepungua mno kujiendesha peke yao. Kwa hiyo Fleury bado kinaitwa kilicho mbele ya Douaumont, na Douaumont yenyewe imeshabadili jina. Kubadilisha la Fleury kungehitaji wakazi.